Bei ya Ijumaa

Nina hasira za karibu, na sitaki kuanza kwa kujifanya mpole. Kwa miaka kumi na moja nimeoka mikate hapa Bwera, hatua chache kutoka barabara inayoshuka mpakani mwa Kongo, na katika miaka hiyo nimegombana na wauza kuni, wakusanya ushuru na mbuzi wa jirani. Ugomvi mkubwa kuliko wote nilipigana na kipande cha chaki, na chaki yenyewe ilikuwa mkononi mwangu.

Soko letu ni Jumanne na Ijumaa. Watu wa ng'ambo huvuka na mafuta ya mawese, vitenge na maharage, wakarudi na chumvi, sabuni, samaki wakavu na mikate yangu. Kila kibanda kina ubao, au mlango uliopakwa rangi nyeusi, na bei huandikwa hapo kwa chaki. Tena tuna desturi yetu ambayo sijaiona penginepo: Jumanne mtu hauzi kwa bei ya Jumanne. Anamuuliza jirani, "Ijumaa itakuwa ngapi?" na bei atakayotajiwa ndiyo anayoiandika. Akisikia itapanda, anapandisha leo leo, kwa sababu anaogopa kuuza mzigo kwa bei ya chini halafu ashindwe kununua mwingine. Tunaita kuuza bei ya Ijumaa. Tuliona ni ujanja mkubwa, na asiyeufuata tulimcheka kuwa amelala.

Mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa wa kwanza kuamka.

Tulikuwa wanawake wanne kwenye tanuri: mimi, mmoja wa kuwasha moto na kuoka, mmoja wa kuuza mlangoni, na mkandaji. Mkandaji alitoka Kongo, upande wa Butembo, na binti zake wawili wakati mambo yalipochafuka huko. Alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli. Kabla ya kuinamia sanduku la mbao tunalokandia unga, aliizungusha rozari yake ikaning'inia mgongoni isije ikaingia kwenye donge. Hamira aliijua kwa kunusa. Mara mbili nilijaribu kumfundisha namna yangu ya kukanda, na mara mbili aliningoja nimalize, akashukuru, akaendelea na yake. Mikate yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, na wateja walijua kabla sijakubali.

Kiswahili ndiyo lugha iliyotukutanisha sote. Mimi nililelewa kwenye kambi ya wachimba shaba, juu ya mji wa Kasese, ambako kila nyumba ilikuwa na kabila lake na watoto tukalazimika kutafuta lugha ya kutukania.

Jumanne moja, mwezi wa nane, aliyetuletea unga alisimamisha lori mbele ya mlango wangu. Ni Mwislamu wa Kasese, mtu mzima, kila mtu anamwita Haji. Hubeba ngano kutoka ghala moja la mjini mpaka mpakani, na pamoja na ngano hubeba habari. Magunia hushusha kwa bei. Habari hutoa bure.

"Mama Mkate," akaniambia, "nasikia unga itapanda. Wiki kesho utaona moto."

"Nani amesema?"

"Watu tu. Mafuta ya gari imepanda, huko ng'ambo kuko vita. Itakosa kupanda namna gani?"

Sikungoja nimuulize la pili. Nilichukua kitambaa, nikafuta mlango, nikaandika shilingi elfu mbili mahali palipokuwa na elfu moja na mia tano. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwanamume mwenye kibanda cha chapati, alinyoosha shingo akasoma. Kabla chai yangu haijapoa naye alikuwa amefuta ubao wake. Muuza sukari akamwona wa chapati. Ilipofika saa sita, safu nzima ilikuwa imepanda, na mimi nilijisikia mwerevu kama mtu aliyeanua nguo kabla ya mvua.

Mvua haikunyesha. Ijumaa wanawake wa Kongo wanaochuuza mikate yangu upande wao walisoma mlango, wakachukua nusu ya waliyozoea. Jumanne iliyofuata, nusu tena. Mikate ilibaki, tukaila sisi wenyewe mpaka tukaichoka. Basi nikafanya lile ambalo kila mtu hufanya bei ikipanda na wateja wakipungua: nikatafuta mtu wa kupunguza. Muuzaji ni wifi yangu. Muokaji ana miaka tisa nami. Nilimwita mkandaji nje, karibu na kuni, nikamwambia apumzike nyumbani kwa muda, mpaka hali itulie.

Aliirudisha rozari mbele ya kifua polepole.

"Hali gani, mama?"

"Si unaona. Unga inapanda."

"Bunga haiyapanda. Uko unanifukuza juu ya bei yenye haiko?"

"Itapanda."

"Na batoto yangu batakula nini? Chaki?"

Alinawa mikono, akakunja aproni yake vizuri, akaiweka juu ya kuni. Mimi nilikasirika, kama ninavyokasirika kila mtu akisema kweli mbele yangu. Nikaingia ndani nikakanda mwenyewe, na mkate wa siku hiyo ulikuwa mgumu.

Juma la tatu, Haji alishusha magunia, akanitajia bei mpya. Unga ulikuwa umepanda kweli. Nikapiga makofi. "Si ulisema! Tazama, tuliona mbali."

Haji akakuna kidevu. Ni mtu wa maneno mengi lakini si mwongo, na hilo lilimponza.

"Mama Mkate, hata mimi nimeshangaa. Wale wa ghala hawakuwa wanataka kupandisha. Mimi ndiyo niliwaambia mkate ya Bwera imefika elfu mbili. Wakasema, kama Bwera wanalipa hiyo, na sisi tunangoja nini?"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilikaa juu ya gunia. Mafuta ya gari yalikuwa yamepanda kidogo, ndiyo, lakini si kwa kiasi hicho. Ile bei niliyoiogopa ilitoka mlangoni kwangu, ikapanda lori la Haji, ikalala Kasese, ikarudi kwangu imekuwa ya kweli. Na mtu mmoja alikuwa ameshapoteza kazi kwa ajili yake.

Siku chache baadaye tuliitwa wafanyabiashara kwenye ukumbi mmoja wa Kasese, kumsikiliza afisa wa uchumi aliyetoka Kampala. Nilienda kwa sababu walisema kutakuwa na chakula. Afisa alikuwa kijana wa heshima, shati limenyooshwa, Kiingereza chake kizuri, na mwalimu mmoja alisimama pembeni akitafsiri kwa Kiswahili na Kikonjo cha wenyeji. Afisa alichora mistari miwili ubaoni. Mmoja, alisema, ni bei za vitu. Wa pili ni watu wasio na kazi. Lengo la wasimamizi wa fedha za nchi ni kuutuliza ule wa kwanza, bei zisikimbie.

Kisha akasema maneno yaliyonifanya niache kutafuta chakula kilipo. Alisema bei hazipandi kwa sababu ya mafuta na mvua peke yake. Zinapanda pia kwa sababu watu wanatarajia zitapanda. Muuzaji anaongeza leo kwa sababu ya kesho, mfanyakazi anadai zaidi kwa sababu ya kesho, na kesho inafika kama walivyoiita. Nilijiona nimevuliwa nguo mbele ya ukumbi. Yule kijana hakuwahi kufika tanuri langu, na alikuwa akisimulia habari zangu.

Akaendelea. Watu wakishaacha kuamini kwamba bei zitatulia, alisema, hakuna njia laini. Mikopo inafanywa kuwa ghali, wenye kutaka kujenga wanaacha, wenye kuajiri wanasita, wanunuzi wanapungua, na pole pole bei zinashika adabu. Akauvuta ule mstari wa pili juu kidogo kwa chaki. "Ukosefu wa kazi utaongezeka," mwalimu akatafsiri, "lakini ni kidogo, na ni kwa muda."

Kwa muda.

Baba yangu aliambiwa maneno hayo hayo. Mimi nilikuwa bado msichana wa shule pale bei ya shaba ilipoanguka na wachimbaji wakaambiwa wakae nyumbani kwa muda. Baba alikuwa na buti za kazi. Kila Jumapili alizipaka rangi, akaziweka kando ya mlango zikiangalia nje, ili siku akiitwa asicheleweshwe. Alizipaka mpaka nikaolewa. Nilimwonea huruma, na pia nilimwonea aibu mbele ya wenzangu, na hiyo aibu ndiyo inayonichoma mpaka leo kuliko huruma. Alizikwa bila kuitwa.

Na mimi, mtoto wake, nilikuwa nimesimama karibu na kuni nikamwambia mwanamke mwenye watoto wawili: kwa muda.

Niliinua mkono. Sikungoja niruhusiwe.

"Mwanangu," nikasema kwa Kiswahili, mwalimu akahangaika kunifuata, "nimeelewa. Kosa ni letu, sisi tunaouza bei ya kesho. Lakini anayelipa si sisi. Kwenye huo mstari wako, yule aliyefukuzwa yuko wapi? Mwonyeshe kwa kidole. Na huo muda ni muda gani? Baba yangu aliungoja mpaka kaburini."

Wachache nyuma wakacheka, wale wanaocheka mwanamke akipaza sauti. Kijana hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alisema kazi ya watu nayo ni lengo la serikali, lakini chombo walicho nacho mkononi kinagusa bei, na kikigusa bei kinawagusa watu bila kuchagua. Akasema jambo moja zaidi: kama watu wangeamini tangu mwanzo kwamba bei zitakaa, asingehitajika mtu yeyote kupoteza kazi ili ziteremke.

"Basi nani aanze kuamini?" nikamuuliza.

Alifungua mikono tu. Muda wa maswali ulikuwa umekwisha. Chakula kilikuwa wali na nyama, nikakila chote, kwa hasira.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Karusandara. Nilikuwa nimeambiwa mkandaji wangu anapalilia mashamba ya watu huko kwa kibarua cha siku. Nilimkuta katikati ya mahindi, jembe mkononi, rozari mgongoni kama kawaida yake. Mikono iliyojua hamira ilikuwa imepasuka. Hakuja kunilaki. Alimaliza mstari wake kwanza, nami nikasimama juani na viatu vyangu vya kwenda mjini.

"Dada," nikamwambia, "nimekuja kuomba radhi. Unga haikuwa imepanda. Mimi ndiyo niliipandisha. Rudi kazini."

"Na Ijumaa Haji akisema ingine?"

Nikainama kukung'uta udongo kwenye viatu.

"Nitarudia kazi," akasema, "lakini hapana na chaki. Chaki ni kitu ya kufuta. Unafuta bei, unafuta na miye. Uandike na rangi, na useme mupaka siku gani, miye nione."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mwenye akili anayeandika bei kwa rangi ya mafuta pale mpakani. Kisha nikakumbuka akili ilikonifikisha. Tulirudi wote, tukapita dukani nikanunua kopo dogo la rangi nyekundu na brashi. Yeye akasimama nyuma yangu kama mwalimu wa darasa la kwanza, nami nikaandika: Mkate elfu moja na mia tano. Bei hii haibadiliki mpaka Krismasi.

Wa chapati alivuka barabara kuja kusoma. Alisoma mara mbili. "Jirani, umerogwa?" Wifi yangu alilia, akasema nitawaua na njaa. Haji alipofika Jumanne alizima gari kabisa, jambo ambalo halifanyi, akashuka.

"Mama Mkate, hii iko kufilisika na maandishi."

"Sikiliza, Haji. Wewe unabeba habari. Bebea wale wa ghala hii: nitachukua magunia manne kila wiki mpaka Krismasi, kwa bei moja. Mkate haipandi, na mimi siendi kwa mtu mwingine. Waambie iko kwa rangi."

Alicheka mpaka akashika tumbo, lakini aliibeba. Wale wa ghala hawakuwa malaika. Walirudisha nusu tu ya kile walichoongeza. Walimwambia ni mara ya kwanza kumsikia mteja wa Bwera akisema atafanya nini mwezi wa kumi na mbili.

Wachuuzi wa Kongo walirudi kwanza wawili, halafu wote. Walipenda kujua wakiwa kwao, kabla ya kuvuka, mkate utakuwa ngapi. Lakini sitaki kutia chumvi. Mwezi wa kumi na moja ilinyesha mvua isiyo na haya, mto Nyamwamba ukafurika, maji yakaingia ghalani, magunia yakalowana, na lori la Haji likakwama Kasese siku mbili. Safari hii unga ulipanda kwa sababu ya maji niliyoweza kuyashika kwa mkono. Wale wa ghala walivunja ahadi yao, na sikuwalaumu sana.

Asubuhi hiyo watu walikuja kunitazama. Wa chapati alikuwa na chaki kwenye kiganja, ameninyooshea. "Nikuazime? Rangi inafichwa na chaki kidogo, hakuna mtu ataona."

Nilimtazama mkandaji. Alikuwa ameinama kwenye sanduku, mikono imezama kwenye donge, hakunitazama. Ila alikuwa ameacha kukanda. Niliona mgongo wake unangoja.

"Nenda kakaange chapati zako," nikamwambia jirani.

Nilikula hasara majuma mawili. Nilimuuza mbuzi dume niliyekuwa nimemtunza kwa ajili ya sikukuu. Mkate sikuupunguza hata kidole, maana hiyo nayo ni njia ya kufuta rangi bila kuigusa. Sikufukuza mtu. Usiku nililala vizuri, na hilo lilinishangaza. Maji yalipokauka unga ukashuka, haukufika ulipokuwa, lakini ukashuka. Wa chapati aliendelea na chaki yake, ila niligundua ameacha kumuuliza muuza sukari habari za Ijumaa. Siku hizo alikuwa akisimama asubuhi mlangoni kwake, akatazama mlango wangu, kisha akaandika. Hakukubali kamwe kwamba anafanya hivyo.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilitoa tena lile kopo. Kuni zilikuwa zimepanda, na unga ulibaki juu kidogo. Niliwaita wote, nikawaambia mkate utakuwa elfu moja na mia saba, na kwa nini, na kwamba utakaa hapo mpaka Pasaka. Hakuna aliyebisha. Nikapaka nyeusi juu ya maandishi ya zamani, ikakauka, nikaandika mapya. Nilirudi nyuma nikajisifu kimoyomoyo kwa mwandiko.

Mkandaji alikuja akasimama kando yangu, unga mpaka kwenye viwiko. Alisoma yote.

"Bei iko pale," akasema. "Siye tuko wapi?"

Ukumbi mzima wa Kasese ulinirudia usoni. Nilimpayukia kijana wa watu kwa swali hilo hilo, nikarudi nyumbani nikaandika bei peke yake, watu wasionekane, kama kwenye ubao wake. Niliona haya, na namwambia msomaji waziwazi kwamba niliona haya. Nikampa brashi. Alijifuta mkono, akaandika chini ya bei, kwa herufi kubwa zilizoinama: Batu ba kazi hapa, bane. Mupaka Pasaka.

Ilikuwa Jumanne. Alasiri Haji aliingia na lori, akatoa kichwa dirishani.

"Mama Mkate, heri ya sikukuu. Sasa, nasikia wiki kesho unga..."

"Shuka usome," nikamwambia.

Alishuka. Alisoma mstari wa bei, akatikisa kichwa. Akasoma wa pili akiupitisha kidole, na kwa utani wake akalowesha kidole kwa mate, akasugua lile neno "bane", yaani wanne. Akasugua tena. Mkandaji alikuwa ndani, donge mkononi, na hakujisumbua kugeuka.

"Sugua, baba," akasema. "Iliisha kukauka."